Daftari Nililokurudishia

Mwanangu, daftari lako la PT, yale mafunzo ya vitendo, nimelirudisha kwa mama yako jana jioni. Sikulitia saini, wala mhuri. Najua umeumia. Mama yako alinipigia usiku akaniuliza tangu lini mjomba anamnyima mpwa wake jambo dogo la kalamu, nami sikuwa na la kumjibu kwa simu. Nakujibu wewe, kwa maandishi, polepole, maana haya nimekwisha kuyasema kwa mdomo mbele ya vijana wengi na mengi yamepotea hewani.

Nivumilie. Nimechoka, na macho hayana nguvu kama zamani, lakini daftari lako nimelisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, mara mbili.

Wiki tatu za mwanzo nimezipenda. Karatasi zimekunjamana, kuna doa la chai, kuna mchoro wa ngazi uliouchora kwa penseli, ukaufuta, ukauchora tena. Siku ya nne umeandika kwamba fundi mmoja alikuonyesha namna ya kukunja ringi za nguzo juu ya ubao wenye misumari, na kwamba ringi yako ya kwanza ilitoka imepinda. Nilifurahi kuliona neno hilo, imepinda. Kuanzia wiki ya nne mambo yanabadilika. Kalamu ni moja, ya buluu, mwandiko umenyooka Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano mfululizo, hakuna neno lililofutwa. Tarehe 8 Agosti umeandika kwamba mlimwaga zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Mwanangu, tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Siku ile ulikuwa nami viwanja vya Mwalimu Nyerere, kule Tungi. Tulisimama mbele ya banda la chuo cha kilimo, SUA, tukitazama miche, wewe ukanunua mmoja wa mparachichi, nikaubeba mimi hadi kituoni kwa sababu ulikuwa na simu mkononi.

Uliniambia msimamizi wako amehamishiwa mkoa mwingine, na kwamba mjomba ni mhandisi aliyesajiliwa, ana mhuri wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, chuoni hawatauliza zaidi. Ni kweli, hawatauliza. Mhuri ule umetengenezwa ili watu wasiulize. Mtu akiuona kwenye mchoro anapanda ngazi, anafungua duka chini yake, anamlaza mtoto ndani ya nyumba. Ndiyo maana mkono wangu ulikataa.

Sasa nisije nikakuonea. Malalamiko yako niliyasikia na nayaamini yote. Wiki ya kwanza ulitumwa kutoa fotokopi. Wiki ya pili ulichemsha chai na kuwafuatia wakubwa vitumbua. Wiki ya tatu ulipoomba kupanda juu ukaone nondo zinavyofungwa, uliambiwa dada utachafuka, ukarudishwa kwenye ofisi ya kontena, ambamo bati linaanza kuwaka saa nne. Choo cha wanawake hakuna. Kofia ngumu uliyopewa ilikufunika macho, buti hukupewa kabisa, ukawa unatembea juu ya misumari na vipande vya waya kwa raba za kwendea darasani. Fedha za kujikimu zilichelewa, nauli ikawa inatoka kwenye faida ya mandazi ya mama yako. Mwisho wa wiki ya tatu ukajiuliza kuna faida gani, ukabaki nyumbani.

Uliponieleza hayo ulilia, nami nilinyamaza. Ukadhani sikujali. Nilikuwa nawakumbuka vijana waliopita mikononi mwangu. Kulikuwa na mmoja, mwembamba, mwenye heshima sana, aliyekaa kwenye mradi wangu wiki nane. Nilimkabidhi kwa karani siku ya kwanza, sikumwona tena hadi siku ya mwisho alipoleta daftari. Nilisaini bila kulifungua. Jina lake silikumbuki. Kijana yule alikuja kutafuta kazi ya mkono na macho, akapewa kiti. Deni lile ni la kwangu na la wenzangu wote tulioshika miradi tukaona wanafunzi ni mzigo. Wewe umelipa sehemu ya deni hilo bila kosa. Nakuomba radhi kwa niaba ya kizazi changu, nami naisema kwa moyo wote.

Lakini walichokukosea wao hakiwezi kuponywa na kurasa zile za wino wa buluu.

Nataka ujue mafunzo haya ya saiti yalianzaje. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, kule Ohio, Marekani, mwalimu wa uhandisi aitwaye Herman Schneider alianza na wanafunzi 27. Aliwagawa mafungu mawili. Wiki hii fungu moja liko darasani, jingine liko kwenye karakana za mjini likifanya kazi kwa ujira. Wiki ijayo wanabadilishana. Wakubwa wa chuo walikuwa na wasiwasi naye. Yeye alishikilia kwamba kuna sehemu ya uhandisi isiyofundishika ubaoni, na kwamba anayeijua ni yule anayeifanya kila siku. Aliona pia kwamba vijana wengi walikuwa wanafanya vibarua ili wapate ada, basi bora kibarua chenyewe kiwe somo. Utaratibu huo ukaenea. Chuo cha Waterloo, Kanada, kilipofunguliwa mwaka 1957 kilianza nao siku ile ile ya kwanza.

Hapa kwetu, Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, PT iliwekwa ndani ya masomo tangu mwanzo. Nchi ilikuwa na wahandisi wazalendo wa kuhesabika. Waanzilishi hawakutaka kutengeneza watu wa kusoma michoro tu. Walitaka mtu akitumwa Sumbawanga peke yake, akakuta kokoto si zile za kitabuni, ajue la kufanya. Ndiyo sababu kila mwaka wa masomo ulifuatwa na wiki za saiti, na kila siku ya saiti ikafuatwa na ukurasa wa daftari.

Mimi nilipita pale. Na sasa nitakueleza jambo ambalo mama yako halijui, na marehemu shangazi yako nilimweleza mara moja tu.

PT yangu ya mwaka wa pili ilikuwa Julai 1983. Nilipangiwa mradi wa ghala la ghorofa katika mji mmoja wa mkoani, sitautaja. Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Sabuni ilikuwa ya foleni, saruji ilitoka kwa kibali, na tangu Machi msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umeanza. Watu walikuwa wanatupa bidhaa mitoni usiku ili wasikutwe nazo. Neno mhujumu lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na lilitosha kumwondoa mtu nyumbani kwake.

Msimamizi wa zege pale saiti alikuwa mzee mmoja, mrefu, mwenye kovu la kuungua na saruji kwenye kisigino. Vibarua walimwita Nyapara, mimi nilimwita Babu. Shule aliishia darasa la nne. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima slampu, yaani ulegevu wa zege bichi. Darasani nilikuwa nimeisoma, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Babu aliniambia niiweke koni chini nisimame juu ya masikio yake mawili, nikaiweka juu ya udongo. Akaitoa bila kusema neno, akaleta bati, akalilowesha, akaniambia weka hapa. Udongo ungekunywa maji ya zege, na kipimo kingeharibika kabla sijaanza.

Koni yenyewe unaijua, kimo chake sentimita 30, kitako sentimita 20, mdomo sentimita 10. Unajaza tabaka la kwanza, unalidunda mara 25 kwa chuma cha mviringo, tabaka la pili mara 25, la tatu mara 25. Babu alikuwa anahesabu kwa sauti, na nilipofika 20 nikaacha alisema tano zimebaki, kijana. Kisha unasawazisha mdomo, unafuta pembeni, unavuta koni juu, wima, bila papara. Hapo zege linabaki peke yake. Linajishusha taratibu, kama mtu anayeketi baada ya kusimama muda mrefu. Unaigeuza koni, unaiweka pembeni yake, unalaza fimbo juu, unapima kutoka kwenye fimbo hadi kichwani mwa zege. Likishuka milimita 70, unaandika 70. Babu alinionyesha kitu ambacho sikukikuta kitabuni: aligonga bati kwa fimbo, akanitaka nitazame zege linavyotikisika. Likitikisika lote kwa pamoja, mchanga na saruji vimeshikana. Likimeguka upande, mchanganyiko una kasoro hata kama kipimo ni kizuri.

Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Kupima slampu kila baada ya michanganyiko kadhaa, na kujaza vibweta vya chuma vya milimita 150, vitatu vya kuvunjwa siku ya 7 na vitatu vya siku ya 28, asubuhi seti moja, alasiri seti nyingine. Kazi ndogo. Mimi nilijiona nimedharauliwa. Nilikuwa nimetoka Mlimani, najua kukokotoa boriti, wananiweka kucheza na ndoo.

Siku ya nguzo za ghorofa ya chini jua lilikuwa kali. Asubuhi nilipima vizuri. Na kwa kuwa zege lilikuwa tayari mbele yangu, nilijaza vibweta vyote siku ile asubuhi, nusu nikaviandika asubuhi, nusu alasiri, ili nisirudie. Baada ya chakula nilikwenda kukaa chini ya mwembe. Niliandika kwenye daftari: saa nane 70, saa tisa 75, saa kumi 70. Nilibadilisha tarakimu kidogo ili ionekane kweli. Nilijiambia mchanganyiko ni ule ule, watu ni wale wale, kitabadilika nini?

Babu aliitwa stoo kupokea lori la kokoto. Alipoondoka, zege lilikuwa linakakamaa kwa jua na makarai yamekuwa mazito. Vibarua wakafanya afanyavyo mtu aliyechoka, wakaongeza kopo la maji. Halafu la pili. Maji yanayozidi hayafanyi kazi na saruji. Hukaa katikati, yakikauka huacha vitundu, na nguvu ya nguzo hupotelea humo. Kama ningekuwa nimepima hata mara moja alasiri ile, ningevuta koni na zege lingetandazika juu ya bati kama uji. Mtoto angeona.

Mbao zilipotolewa, fundi mmoja alipitisha msumari kwenye nguzo, ukachora kama kwenye ukuta wa udongo. Wakaita mhandisi. Akagonga kwa nyundo hapa na pale. Nguzo za asubuhi zililia, nguzo za alasiri zilitoa sauti ya kizibo. Wakasubiri siku 28. Vibweta vyangu vikavunjwa kwenye mashine, vya asubuhi vizuri, vya alasiri vizuri. Kwa nini visiwe vizuri, na vyote vilikuwa vya asubuhi? Wakafungua daftari langu. Alasiri: 70, 75, 70. Basi maji hayakuzidi, karatasi inasema. Na nguzo ni dhaifu, msumari unasema. Wakakaa wakatafuta kinachobaki.

Ilibaki saruji. Wakasema saruji ilipunguzwa. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Babu.

Walikuja kumchukua Ijumaa mchana. Alikuwa ananawa miguu kwenye pipa. Hakubisha. Aliniangalia, si kwa kunishuku, hakuwa na sababu ya kunishuku. Aliniangalia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na daftari, na nadhani alitumaini kwamba daftari litamsaidia. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka 23, nilikuwa naogopa kufukuzwa chuo, na neno lile lilikuwa linatisha kila mtu. Alikaa ndani siku kumi na moja, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, lakini kazi hakurudishiwa. Nguzo saba zilivunjwa kwa nyundo, wiki mbili zikapotea, saruji ya kibali ikatumika mara mbili. Daftari langu lilisainiwa. Chuoni nilipata A.

Nilimtafuta mwaka 1997. Nilikuta kaburi. Mwanawe alinikaribisha, akanipa kiti na maji ya kunywa, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: Sasa mzee, ukweli huu tumpe nani?

Ninapokusoma ukiandika kwamba tarehe 8 Agosti mlimwaga zege, mwanangu, ninarudi chini ya mwembe ule. Utasema kurasa zako hazimdhuru mtu, ni za kumridhisha mwalimu tu. Mimi nilidhani hivyo pia. Maandishi ya uongo hayakai kimya kwenye kabati. Siku ikitokea shida watu huyaendea, huyaamini, na huyatumia kumtafuta mwenye kosa. Na yakiwa yameandikwa vizuri, kosa hutua kwa asiyejua kuandika.

Nikusimulie jingine, la mbali, halafu turudi nyumbani. Mwaka 1907 walikuwa wanajenga daraja la chuma juu ya mto Saint Lawrence, karibu na mji wa Quebec, Kanada. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa mzee mwenye sifa kubwa, lakini alikuwa New York na afya haikumruhusu kusafiri. Macho yake pale saiti yalikuwa kijana aitwaye Norman McLure, aliyetoka chuoni miaka michache tu iliyopita. Kijana huyo alikuwa anazunguka anapima. Akaona vipande vya chini vya daraja vimeanza kupinda. Wengine wakasema vilikuja vimepinda hivyo tangu kiwandani. Yeye hakubishana sana, alirudi akapima tena, akakuta kipande kimoja kimetoka chini ya inchi moja hadi zaidi ya inchi mbili kwa siku chache. Chuma kilichopinda kiwandani hakiendelei kupinda. Akaandika, kisha akapanda treni mwenyewe hadi New York. Cooper alipoona vipimo alituma simu ya maandishi kiwandani Pennsylvania kwamba mzigo usiongezwe. Pale darajani kazi iliendelea. Jioni ya tarehe 29 Agosti daraja likaanguka mtoni, wakafa watu 75.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Kijana hakuweza kuwaokoa, na labda alibeba uchungu huo maisha yake yote. Lakini wachunguzi walipokaa kutafuta chanzo, walikuta tarakimu za kweli, zenye tarehe, zilizopimwa na mtu aliyesimama pale. Hakuna fundi aliyesingiziwa. Lawama ilipanda juu, kwa wakubwa waliokosea hesabu na uamuzi, ikakaa mahali pake.

Na hapa kwetu unajua. Ulikuwa bado mtoto jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, siku ya Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, wakafa watu 36. Novemba 2024 ulikuwa mkubwa, uliona kwenye simu yako waliokuwa wamefukiwa chini ya jengo lililoanguka Kariakoo. Siwezi kusema nani aliandika nini katika majengo hayo. Ninachojua ni kwamba kila jengo lina madaftari yake, na katika kila daftari kuna kijana fulani aliyekuwa na zamu.

Ukimaliza shahada Bodi itakuandikisha kama mhandisi mhitimu, na utahitaji miaka isiyopungua mitatu chini ya mhandisi mwenye uzoefu kabla hujaitwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa SEAP, ulioanza mwaka 2003, umewekwa kwa ajili hiyo. Miaka mitatu hiyo nayo ina daftari, na msimamizi, na saini. Mkono unaozoea kujaza usichokiona katika wiki nane utajaza pia katika miaka mitatu, na baada ya hapo hakuna tena atakayekaa juu yako kukagua.

Kurasa zile usizichane. Katika kazi yetu kosa halichanwi wala halipakwi rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya kila ukurasa wa uongo, mstari mmoja tu, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka. Andika pembeni: sikuwepo. Weka herufi za jina lako na tarehe ya leo. Utaona aibu. Iache iwepo. Kisha mwandikie mratibu wa PT wa idara yenu barua fupi, mweleze ulifanya wiki tatu na sababu ya kuacha, pamoja na habari ya choo, buti na kontena, usifiche, maana hayo nayo ni kumbukumbu za saiti na wenzako wa mwakani watapelekwa pale pale. Muombe ukamilishe zilizobaki. Anaweza kukubali, anaweza kukuambia urudie zote mwakani. Akisema urudie, nauli nitatoa mimi.

Wakati unasubiri jibu lake usikae. Kuna mkandarasi hapa Kihonda, mdogo, ana nguzo 12 za kumwaga wiki hii. Nimemuuliza kama anapokea wanafunzi, akasema akija mtu mwenye adabu na asiyeogopa jua atampokea. Jina lako sijamtajia, wala kwamba una mjomba. Nenda mwenyewe ukaombe.

Ukifika usidai kazi kubwa. Omba kushika mwisho wa futi kamba. Anayeshika mwisho wa futi kamba anakwenda kila mahali mpimaji anakokwenda, na baada ya siku mbili utaanza kujua kwa nini anapima pale na si kwingine. Waamkie mafundi kwanza, shikamoo kwa kila mwenye umri wa baba yako, hata kama ameshika chepeo na wewe umeshika mchoro. Waulize vile vijitofali vya zege wanavyoviita biskuti vinawekwa chini ya nondo kwa nini, na nini hutokea wakivisahau. Jibu unalo kwenye kitabu, lakini wao wamekwisha kuziona nondo zilizokula kutu zikipasua zege, watakuonyesha. Wakikuambia dada utachafuka, waambie ndiyo, nimekuja na nguo za kuchafuka. Akitokea mtu wa kukugusa au kukusemea maneno ya ovyo, ondoka hapo hapo unipigie, saa yoyote. Hilo halimo katika mambo ya kuvumilia.

Na jioni andika. Siku wakikutuma fotokopi, andika: leo nimetoa fotokopi za orodha ya nondo. Kisha isome hiyo orodha, maana wengi hutoa fotokopi ya kitu ambacho wangelipa fedha kukisoma, ukaandike umeona ukubwa gani na vipande vingapi. Siku usiyopewa kitu, andika: leo sikupewa kazi, nilikaa kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Ukurasa kama huo mimi nitausaini. Kijana yule mwembamba laiti angeniandikia kurasa arobaini za namna hiyo, na laiti ningefungua nikazisoma.

Mama yako asikasirike nawe wala nami. Mwambie nitakuja Jumapili baada ya ibada, tule pamoja, tuupande mparachichi ule, umekaa kwenye kopo muda mrefu mno na mizizi imeanza kutokeza chini.

Daftari liko kwenye mfuko wa kaki. Ndani yake nimetia futi kamba yangu ya mita tano. Sentimita mbili za mwanzo zimefutika, kwa hiyo anzia kwenye 10 halafu toa 10. Buti ziko nje ya mlango wa jikoni. Mama yako alisema unavaa namba 38, nimenunua 39 ili uvae na soksi nene.